Sahili, Ambatano, Changamano: Historia ya Kuzigawa Sentensi za Kiingereza

Sarufi ya Kiingereza inayofundishwa shuleni huzigawa sentensi katika miundo minne. Sentensi sahili ina kishazi huru kimoja tu. Sentensi ambatano ina vishazi huru viwili au zaidi, vilivyoshikizwa kwa maneno kama and, but au or. Sentensi changamano ina kishazi huru kimoja pamoja na kishazi tegemezi, kimoja au vingi, kinachoingizwa kwa maneno kama because, when, although au who. Muundo wa nne huchanganya miwili ya mwisho. Orodha hiyo hutolewa darasani kana kwamba ilikuwamo ndani ya lugha tangu mwanzo, ikingoja mtu wa kuihesabu. Historia yake ni nyingine. Katika karne ya 18 vitabu vilitaja miundo miwili tu. Wa tatu ulitengwa katika karne ya 19, kwa sehemu kubwa kutokana na mawazo ya tabibu mmoja wa Kijerumani, na wa nne ukafuata baadaye. Kila nyongeza ilizaliwa na kazi iliyokuwa mezani wakati huo: kusoma kwa sauti, kuweka alama za uandishi, kukagua shule, kusahihisha mitihani.

Wagiriki ndio walioanza kuuliza sentensi imejengwaje, na walioijali zaidi walikuwa walimu wa kuhutubia. Katika kitabu chake cha balagha, karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle alitofautisha mitindo miwili. Mmoja hutunga maneno mfululizo, jambo likifuata jambo bila kikomo cha lazima, na mfano aliouchukua ni uandishi wa Herodotus, mwanahistoria. Wa pili hufunga maneno katika mzunguko ulio na mwanzo na mwisho wake, ambao msikilizaji anaweza kuuona mwisho huo ukikaribia. Aristotle aliupendelea wa pili, kwa kuwa husikika vizuri na hukaa akilini. Mzunguko huo uliitwa periodos, na sehemu zake zikaitwa kolon na komma. Majina hayo yalitaja vipande vya usemi vinavyopimwa kwa pumzi ya msemaji. Ilichukua karne nyingi kabla hayajawa majina ya alama za wino.

Wanasarufi wa Aleksandria walikuwa na shughuli tofauti. Dionysius Thrax, karibu mwaka 100 kabla ya Kristo, aliorodhesha aina nane za maneno na kuieleza sentensi kuwa ni muungano wa maneno unaotoa wazo kamili. Maelezo hayo hayakusema lolote kuhusu idadi ya vitenzi wala kuhusu kishazi kutegemea kingine, lakini yaliishi kuliko mengi yaliyokuwa na undani zaidi: bado yamo katika vitabu vya shule za msingi leo. Priscian, aliyefundisha Kilatini Konstantinopoli karibu mwaka 500, aliandika sarufi ya vitabu 18, na viwili vya mwisho vilihusu namna maneno yanavyopangwa. Aliacha pia kitabu kidogo cha mazoezi ambacho kilichukua mstari wa kwanza wa kila kitabu kati ya vitabu 12 vya utenzi wa Virgil, kikamhoji mwanafunzi neno kwa neno: hili ni aina gani, lina jinsia gani, liko katika umbo gani, kwa nini. Mtindo huo wa kuhojiwa ndio uliotawala shule za Ulaya kwa miaka elfu moja na zaidi. Ulichambua neno, sentensi ilikuwa ni mahali tu ambapo neno lilipatikana.

Uingereza iliupokea mtindo huo kupitia nyumba za watawa. Karibu mwaka 1000 mtawa Ælfric aliandika sarufi ya Kilatini kwa Kiingereza cha siku zake ili watoto waanzie katika lugha waliyoijua. Kiingereza chenyewe hakikupewa sarufi, na hapo pana jambo la kusimama kidogo, kwa sababu Kiingereza hicho cha kale hakikubali kugawanywa kwa urahisi katika miundo ya leo. Masimulizi yake hutiririka kwa and, tukio baada ya tukio. Neno lake jingine la kila mara, þa, lilibeba kazi mbili: liliweza kumaanisha “ndipo” na liliweza pia kumaanisha “wakati ambapo”. Msomaji alipambanua maana kwa mpangilio. Kitenzi kilipofuata þa papo hapo, mara nyingi kishazi kilikuwa huru. Kitenzi kilipokaa mbali zaidi, mara nyingi kilikuwa tegemezi. Pale ambapo mpangilio hautoi jibu, wahariri wa leo wanaoitoa miswada hiyo kwa chapa hulazimika kuamua wenyewe kama wako mbele ya sentensi mbili sahili, ambatano moja au changamano moja. Wahariri wawili wazuri wanaweza kuamua tofauti, na wote wakawa na haki.

Vifaa vya utegemezi vilivyozoeleka leo vilikuja polepole. Because iliundwa kwa neno la Kifaransa baada ya Wanormani kuitawala nchi, na ilianza kuenea katika karne ya 14. Which ilianza kutumika kama kirejeshi katika Kiingereza cha kati, na who ikaizoea kazi hiyo baadaye zaidi, hasa kuanzia karne za 15 na 16. Makarani wa serikali na wafasiri waliokuwa wakishughulika na Kilatini na Kifaransa kila siku walihitaji njia za kufunga sababu, sharti na kisingizio ndani ya sentensi moja ndefu, na lugha ikawapatia. Hata hivyo mtindo wa kutunga kwa and haukufa. William Tyndale alipotafsiri Agano Jipya, lililochapwa mwaka 1526, na kamati za wanazuoni zilipotoa Biblia ya mwaka 1611, walifuata kwa karibu mwendo wa Kiebrania na Kigiriki cha asili, na aya baada ya aya zikaanza na and. Kwa hiyo kitabu kilichosomwa kwa sauti kuliko vyote katika nchi hiyo kilikuwa, kwa kipimo cha baadaye, kitabu cha sentensi ambatano. Hakuna aliyekiona cha kitoto kwa sababu hiyo.

Wakati huohuo wachapaji walileta tatizo jipya. Katika miaka ya 1490 karakana ya Aldus Manutius huko Venice ilianza kutumia nukta mkato, na katika karne iliyofuata alama hiyo ikafika Uingereza. Mwandishi sasa alikuwa na alama nne za kituo mkononi, ilhali hapakuwa na kanuni inayoeleza ipi iende wapi. Sarufi za kwanza za Kiingereza hazikusaidia sana. Ile ya William Bullokar ya mwaka 1586, inayohesabiwa kuwa ya kwanza, ilikifinyanga Kiingereza katika kiunzi cha sarufi ya Kilatini ya William Lily iliyotumiwa shuleni kwa amri ya mfalme. John Wallis, mwanahisabati, alijitenga na kiunzi hicho mwaka 1653, lakini aliiandika sarufi yake ya Kiingereza kwa Kilatini. Wote wawili walijali maneno na maumbo yake kuliko sentensi.

Aliyeipa sentensi nafasi yake ni Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa askofu wa London, katika kitabu kidogo cha mwaka 1762. Lowth alikuwa tayari na jina kwa mihadhara yake ya Oxford kuhusu ushairi wa Kiebrania, alikoonyesha kwamba mashairi hayo husimama juu ya mistari miwili inayoitikiana. Mtu aliyezoea kuuona usawa wa mstari na mstari alikuwa na jicho la kuona usawa wa kishazi na kishazi. Aliigawa sentensi katika aina mbili. Sahili ina kiima kimoja na kitenzi kimoja kilichofungwa na nafsi na wakati; yenye kuunganishwa ina zaidi ya kimoja, ama kwa viunganishi ama kwa virejeshi. Ambatano na changamano za leo zilikaa pamoja katika fungu hilo la pili bila mtu kulalamika.

Mgawanyo huo ulimfaa Lowth hasa alipofika kwenye alama za uandishi. Sentensi sahili, alieleza, kwa kawaida haihitaji alama ndani yake isipokuwa imerefushwa. Sentensi iliyounganishwa ndiyo inayohitaji mikato na nukta mkato mahali pa kuungana. Muda wa kila alama aliupima kwa muziki: nukta huchukua mara mbili ya nukta pacha, nukta pacha mara mbili ya nukta mkato, nukta mkato mara mbili ya mkato, kama noti nne zinazofuatana kwa nusu. Hesabu hiyo haijawahi kufuatwa na msomaji yeyote wa kawaida. Hata hivyo inaonyesha wazi kwamba hata katikati ya karne ya 18 muundo wa sentensi ulikuwa bado ni suala la sauti na pumzi, na kwamba mistari ya mgawanyo ilichorwa pale ambapo sauti ingetua.

Kitabu cha Lowth kiliandikwa kwa ajili ya watu waliokwisha kusoma. Kilichoyafikisha mawazo yake kwa watoto ni sarufi ya Lindley Murray ya mwaka 1795. Murray alizaliwa Pennsylvania mwaka 1745, akawa mwanasheria New York, kisha akahamia karibu na mji wa York huko Uingereza, ambako walimu wa shule ya wasichana ya madhehebu yake, Waquaker, walimwomba awatengenezee kitabu. Alikusanya kutoka kwa Lowth na wengine, akapanga, akaweka mazoezi. Kitabu hicho na muhtasari wake vilichapwa tena na tena pande zote mbili za Atlantiki hadi vikafikia mamilioni ya nakala. Kwa Murray pia sentensi zilikuwa za aina mbili, sahili na ambatano, na ambatano ilikuwa ni sentensi sahili mbili au zaidi zilizounganishwa kwa njia yoyote. Vizazi viwili vya wanafunzi vililikariri jambo hilo pamoja na kanuni nyingine. Mpinzani wake mkali, Mmarekani Goold Brown, alitoa mwaka 1851 sarufi ya zaidi ya kurasa 1,000 ambamo alihesabu makosa ya karibu kila mwanasarufi aliyemtangulia, Murray akiwa mbele. Ugomvi wao ulihusu mengi, lakini haukuubadili sana mgawanyo wa sentensi.

Badiliko lilitoka Ujerumani. Karl Ferdinand Becker, aliyezaliwa mwaka 1775, alikuwa tabibu kabla hajageukia sarufi, na huko Offenbach aliendesha shule nyumbani kwake. Katika kitabu cha mwaka 1827, na katika sarufi za Kijerumani zilizofuata, aliitazama lugha kama kiumbe hai ambamo kila kiungo kina kazi. Swali lake halikuwa neno hili ni aina gani, bali lina kazi gani katika sentensi. Aliona uhusiano wa aina tatu: wa kiarifu na kiima, wa sifa na nomino, na wa kitenzi na kinachokikamilisha au kukieleza. Kisha akapiga hatua iliyoleta mapinduzi ya kimyakimya katika shule za nchi nyingi. Nafasi yoyote kati ya hizo inayoweza kujazwa na neno, alisema, inaweza kujazwa pia na kishazi kizima. Penye nomino patakaa kishazi nomino, penye kivumishi kishazi kivumishi, penye kielezi kishazi kielezi.

Baada ya hatua hiyo, fungu moja la “sentensi iliyounganishwa” halikutosha tena. Katika “The rain stopped and the children went home” vishazi viwili vimesimama bega kwa bega. Katika “The children went home when the rain stopped” kimoja kimekuwa kielezi cha kingine, kimechukua mahali ambapo neno moja kama “later” lingekaa. Tukio ni lilelile, hali ya hewa ni ileile, lakini ujenzi si mmoja. Kwa Lowth na Murray hizo zilikuwa sentensi za aina moja. Kwa waliomsoma Becker zikawa ambatano na changamano, na tofauti kati yake ikawa ndiyo kiini cha somo.

Uingereza ilimpata Becker kupitia kwa John Daniel Morell, mkaguzi wa shule, ambaye mwaka 1852 alichapisha kitabu cha uchanganuzi wa sentensi kwa mpango wa Mjerumani huyo. Cheo cha Morell kilikuwa na uzito kuliko hoja zake. Mwalimu aliyejua kwamba mkaguzi ameandika kitabu alikuwa na sababu njema ya kukinunua. Morell alimtaka mwanafunzi ajaze jedwali: safu ya kiima, safu ya kinachokipanua, safu ya kiarifu, safu ya yambwa, safu ya maelezo ya ziada, na pembeni aina ya kishazi pamoja na kile kinachokitegemea. Jedwali lilikuwa na sifa moja ambayo hakuna insha iliyokuwa nayo: lilisahihishika haraka. Tangu mwaka 1862 serikali ya Uingereza ilianza kuzilipa shule ruzuku kwa kadiri wanafunzi walivyofaulu mbele ya mkaguzi, na baadaye sarufi nayo ikaingizwa miongoni mwa masomo yaliyolipiwa. Mkaguzi mwenye darasa la watoto 60 na saa chache alihitaji maswali yenye jibu moja. “Taja aina ya sentensi hii” ni swali la namna hiyo. Hapo ndipo mgawanyo uliozaliwa katika falsafa ya lugha ulipogeuka mtaji wa shule, na ni vigumu kuamini kwamba ungedumu hivyo bila fedha na mitihani nyuma yake.

Marekani ilikwenda njia yake, na ikaenda kwa kuchora. Samuel Greene alitoa katika miaka ya 1840 kitabu kilichopanga somo zima la sarufi juu ya uchanganuzi na uainishaji wa sentensi. Mwaka 1847 Stephen Clark, mkuu wa shule katika jimbo la New York, alichapisha sarufi ambamo maneno ya sentensi yaliwekwa ndani ya viduara virefu vilivyogusana, kiima kikigusana na kitenzi, kitenzi na yambwa, vivumishi vikining’inia chini. Michoro ya Clark ilivutia macho, lakini sentensi ya maneno 20 ilijaa ukurasa mzima na kusomeka kwa taabu.

Miaka 30 baadaye walimu wawili wa Brooklyn, Alonzo Reed na Brainerd Kellogg, waliondoa viduara wakabakiza mistari. Katika kitabu chao cha mwaka 1877 kila sentensi huanzia kwenye mstari mlalo. Mstari wima unaoukata huo wa kwanza hutenga kiima na kiarifu. Mstari wima mfupi usiovuka chini hutenga kitenzi na yambwa yake. Vivumishi na vielezi hukaa kwenye mistari ya mshazari chini ya maneno vinayoyafafanua. Faida ya mfumo huo huonekana hasa katika miundo ya sentensi, kwa maana jicho huijua aina kabla ya akili kuitaja. Sentensi sahili ina msingi mmoja. Ambatano ina misingi miwili sambamba, iliyounganishwa kwa mstari wa vipande wenye and au but juu yake. Changamano ina msingi mmoja juu na mwingine chini, na mstari wa vipande unashuka kutoka neno linalofafanuliwa hadi kwenye kishazi tegemezi. Kishazi nomino hupandishwa juu ya kiguzo chenye miguu na kusimama palepale ambapo nomino ingesimama, jambo ambalo Becker alilieleza kwa kurasa nyingi za nathari nzito.

Reed na Kellogg walitaja miundo mitatu: sahili, changamano na ambatano. Sentensi yenye misingi sambamba ambayo mmojawapo umebeba kishazi tegemezi waliihesabu kuwa ambatano tu, iliyo na memba changamano. Muundo wa nne, ule mchanganyiko, ulizoeleka katika vitabu vya shule vya Kimarekani vya karne ya 20, na sababu si ngumu kuitambua. Vitu viwili vinavyoweza kuwapo au kukosekana hutoa jumla ya hali nne, na orodha ya nne hujaza jedwali bila kuacha kiraka kitupu. Lugha haikuwa imebadilika. Unadhifu ndio uliodai haki yake. Kwa miongo mingi kuchora sentensi ubaoni kulikuwa sehemu ya utoto wa Wamarekani, hata katika shule za watawa wa Kikatoliki. Wengi walikuchukia. Mwandishi Gertrude Stein alikupenda, na katika mihadhara yake ya miaka ya 1930 alisema hakujua jambo lililowahi kumsisimua kuliko hilo. Anayekumbuka sentensi za Stein, zenye kujirudia na kukimbia mikato, atatabasamu.

Wataalamu walianza kutia shaka mapema. Mwaka 1911 kamati ya pamoja ya vyama vya walimu Uingereza, chini ya E. A. Sonnenschein, profesa wa Birmingham, ilijaribu kusawazisha istilahi za sarufi katika lugha zote zilizofundishwa shuleni, na ikapendekeza ambatano iitwe sentensi ya vishazi viwili au ya vishazi vingi. Vitabu vingi viliendelea na jina la zamani. Otto Jespersen, Mdenishi aliyekijua Kiingereza kuliko Waingereza wengi, aligusa mahali penye udhaifu zaidi katika kitabu cha mwaka 1924. Walimu walisema changamano ina kishazi kikuu na kishazi tegemezi kilichoongezwa. Katika sentensi kama “What he said was false” ukiondoa kishazi tegemezi hubaki “was false”, kipande kisicho na kiima. Kikuu gani hicho, ambacho hakiwezi kusimama? Kishazi tegemezi hakikuongezwa juu ya sentensi; kimo ndani yake, ni kiungo chake. Hoja hiyo haijajibiwa kwa namna inayoridhisha ndani ya mgawanyo wa kimapokeo, na vitabu vya shule huipita kwa kuchagua mifano ambayo haiileti.

Charles Fries wa Michigan alikwenda kusikiliza. Kwa kitabu chake cha mwaka 1952 alitumia mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa, maneno kama 250,000, na akakumbusha kwamba maelezo yaliyowahi kutolewa kuhusu sentensi ni nini yanazidi 200. Katika mazungumzo halisi mipaka ya sentensi haina nukta ya kuionyesha. Watu huungana kwa and na so mpaka waishiwe pumzi, hukatiza, huacha kishazi tegemezi kikielea bila kikuu, na hueleweka. Miaka mitano baadaye Noam Chomsky alitoa kitabu chembamba kilichobadili isimu nzima. Katika mfumo wake wa wakati huo kulikuwa na sentensi kiini, fupi na za msingi, na kanuni za kuzigeuza na kuzipachika moja ndani ya nyingine. Mchoro uliotangazwa na kundi lake haukuwa mistari ya Brooklyn bali matawi yanayoshuka kutoka alama moja ya juu. Ndani ya matawi hayo ambatano na changamano si tena aina za sentensi. Ni matokeo ya njia mbili za kuunganisha, na njia hizo zinaweza kurudiwa bila kikomo katika sentensi moja.

Pigo zito kwa desturi ya shule halikutoka kwa wananadharia. Mwaka 1963 Richard Braddock na wenzake wawili walikusanya tafiti zilizofanywa Marekani kuhusu ufundishaji wa uandishi, wakahitimisha kwamba kufundisha sarufi rasmi kama somo la pekee hakuna athari ya maana katika uandishi wa wanafunzi, na kunaweza kuwa na madhara kwa kula muda wa kuandika. Michoro ilianza kufutwa ubaoni. Miaka miwili baadaye Kellogg Hunt wa Florida alichapisha uchunguzi ambao unastahili kusomwa zaidi kuliko unavyosomwa. Alilinganisha maandishi ya wanafunzi wa darasa la 4, la 8 na la 12. Urefu wa sentensi, aligundua, ni kipimo kibovu cha ukomavu, kwa kuwa mtoto wa darasa la 4 anaweza kuandika sentensi ndefu mno kwa kutunga and juu ya and. Akaunda kipimo chake: kishazi kikuu kimoja pamoja na vyote vinavyokitegemea. Kwa kipimo hicho, yaani kwa kuzivunja ambatano zote, ukomavu ulionekana wazi ukipanda na umri, kwanza kwa vishazi tegemezi kuongezeka. Waandishi wazima wazoefu walipopimwa, kilichorefuka zaidi kilikuwa kishazi chenyewe. Walichokuwa wakikisema kwa kishazi tegemezi ujanani walikifinya kuwa kirai. Kwa hiyo sentensi nzito ya mwandishi aliyebobea, yenye maneno 40 na kitenzi kimoja kilichofungwa na wakati, mtihani wa shule huiita sahili.

Sarufi kubwa ya Kiingereza ya Randolph Quirk na wenzake ya mwaka 1985, yenye kurasa zaidi ya 1,700, iliyabakiza majina ya zamani lakini ikayapanga upya: sentensi ni sahili au ina vishazi vingi, na zenye vishazi vingi ni ambatano au changamano, kulingana na uhusiano wa kishazi na kishazi kingine. Muundo wa nne haukuhitaji fungu lake. Mashuleni pepo ziligeuka tena. Uingereza, ambayo ilikuwa imelegeza sana ufundishaji wa sarufi tangu miaka ya 1960, ilianzisha mwaka 2013 mtihani wa kitaifa wa sarufi na alama za uandishi kwa watoto wa miaka 10 na 11, na mtoto akatakiwa tena kupigia mstari kishazi tegemezi. Morell angeutambua mtihani huo mara moja.

Katika Afrika Mashariki mgawanyo huu uliingia na shule za kikoloni zilizofundisha Kiingereza na kutahiniwa kutoka Cambridge, kisha ukahamia katika somo la Kiswahili lenyewe wakati sarufi za Kiswahili zilipoanza kuandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya sekondari na vyuo. Kitabu cha David Massamba, Yared Kihore na J. I. Hokororo kuhusu sarufi miundo, kilichotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1999, ni miongoni mwa vilivyouimarisha. Mwanafunzi wa Kenya anayeambiwa achanganue sentensi kwa jedwali, kwa mishale au kwa matawi anapewa kwa pamoja urithi wa enzi tofauti: jedwali ni la ukoo wa Morell, matawi ni ya ukoo wa Chomsky.

Majina matatu ya sahili, ambatano na changamano yalikaa vizuri, lakini vigezo havikukaa vyote. Kiingereza hutambulisha utegemezi kwa neno linalotangulia kishazi. Kiswahili mara nyingi huuficha ndani ya kitenzi. “Mgeni aliyekuja jana ameondoka” ni changamano, na hakuna neno la pekee la kuonyesha hivyo, ila silabi -ye- katikati ya kitenzi. “Akaenda kisimani, akateka maji, akarudi” ina vitenzi vitatu vilivyounganishwa na -ka- bila kiunganishi chochote, na mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta “na” au “lakini” hubaki ameduwaa. Masharti nayo hubebwa na -ki-, -nge- na -ngali-, ambazo katika “Angekuja ningemwona” hukaa pande zote mbili za sentensi, hivi kwamba ni vigumu kuonyesha kishazi kipi ndicho huru. Vitabu vingi vya sekondari vya Tanzania vililimaliza tatizo hilo kwa kuongeza fungu lisilokuwamo katika orodha ya Kiingereza, sentensi shurutia. Kwa hiyo mwanafunzi wa Tanzania naye husoma miundo minne, ila wa nne wake hutambuliwa kwa sharti lililomo ndani ya kitenzi, wakati wa nne wa Kiingereza hutambuliwa kwa kuhesabu vishazi.